Pacha wa Chupa Nyeusi

Jamani, mnanichosha. Kila nikiandika kuhusu manukato ya wanaume, hata iwe ni kuwaonya tu msijipulizie juu ya jasho, lazima mmoja wenu ashuke kwenye maoni na swali lilelile: "Chupa Nyeusi na Pacha, ipi kali?" Mwingine anadakia kabla sijajibu: "Ni ileile tu, mnalipia jina." Halafu mnaanza kutukaniana mama. Watu wazima na ndevu zenu.

Kwa ambaye hajui, maana wapo: Chupa Nyeusi ni ile ya mbunifu mkubwa, inayokaa nyuma ya kioo, na muuzaji anakuangalia viatu kwanza ndipo anafungua. Pacha ni ile iliyotengenezwa kuifuatisha. Chupa ya kijivu, inauzwa mpaka pembeni mwa barabara, katikati ya chaja za simu na soksi. Muuzaji wa Pacha hakudanganyi kwamba ni yenyewe. Anakwambia "imeongozwa na yenyewe." Haya.

Leo nawalinganishia. Ila situmii pua yangu. Natumia pua ya dada mmoja aliyekuwa anapiga pasi kwenye duka la dobi, ambaye kwake kujua tofauti ya hizo mbili hakukuwa ushabiki. Alinisimulia mwenyewe kwa simu, na hakunambia anapigia kutoka wapi. Someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kuchapa vidole.

Pale dobi walimwita Mvuke. Jina alilipata kwa Tai, jamaa wa kaunta, ambaye naye jina lake alilipata kwa kuvaa tai kila siku ya Mungu, hata siku ambazo joto la mle ndani lingeweza kuivisha yai. Duka lenyewe lilikuwa hivi: mbele kaunta, juu yake bomba refu linaloning'iniza nguo safi ndani ya mifuko ya nailoni. Katikati pazia zito. Nyuma ya pazia meza ya pasi, iliyovishwa blanketi kuukuu na shuka lenye makovu ya kuungua, na pasi ya umeme yenye mpira mwembamba unaoshusha maji kutoka kwenye kidumu kilichotundikwa juu. Nyuma zaidi ua wa kamba na mabeseni, na mlango wa bati unaotokea uchochoroni. Ukichungulia kwenye pazia ulikuwa unaona wingu, na ndani ya wingu kilemba. Ndiyo Mvuke huyo.

Alifika mji ule na binti yake na begi moja. Alipoomba kazi kwa mwenye duka, mama mnene ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Dobi, aliomba na kitu cha pili.

"Mama, kazi yoyote nitafanya. Usiniweke kaunta tu."

Mama Dobi alimwangalia. Akaona kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilivyopinda, na hakikuonekana kuwa kimezaliwa hivyo.

"Pasi unajua?"

"Najua."

"Basi kaa nyuma ya pazia, mwanangu. Huku mbele Tai ananitosha, mdomo wake peke yake ni wafanyakazi wawili."

Na pasi kweli alijua. Shati alianza na kola, siku zote, upande wa chini kwanza, kutoka kwenye ncha kwenda katikati ili kitambaa kisifanye mapovu. Akishamaliza kola, kabla hajaigeuza, alikuwa anabana kwa ukucha kijikunjo kidogo, pale nyuma kabisa inapokaa lebo, halafu anakigonga na ncha ya pasi. Huwezi kukiona shati likiwa limevaliwa. Kazi yake ni kuinua kola isikwaruze shingo. Hakuna aliyemfundisha. Alikibuni mwenyewe zamani, kwa ajili ya mtu mmoja mwenye shingo inayowasha, mtu ambaye kola ikimkera asubuhi, nyumba nzima ingejuta jioni.

Huyo ndiye aliyekuwa mumewe. Baba wa binti.

Sitawaelezea alichokuwa anafanya, nyinyi wengine mtakuja kuniuliza na yeye alimkosea nini. Nitawaambia hivi: hakuwa mtu wa kelele. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya taratibu, na majirani walimsifu. Akiwa anakusikiliza alikuwa anatoa njiti ya kiberiti na kuivunja katikati, anaitia mfukoni. Na alipaka Chupa Nyeusi. Asubuhi anajipulizia mbele ya kioo, anaondoka. Jioni harufu ndiyo inatangulia kupanda ngazi. Inapita chini ya mlango kabla ya funguo. Mvuke alikuwa na muda mdogo hapo, wa kumpeleka mtoto chumbani, kupunguza redio, kuficha chochote ambacho siku hiyo kingeweza kuwa kosa. Kwa hiyo Chupa Nyeusi nyinyi mnayoijua kwa ule mlipuko wake wa mwanzo, yeye aliijua kwa mkia. Aliijua imechoka, imekaa kwenye ngozi kutwa nzima, limau limekwisha na kilichobaki ni moshi, na mti mbichi uliokatwa, na mkanda wa ngozi.

Kituoni alishawahi kwenda. Wakamwambia mambo ya ndani yamalizwe ndani.

Siku moja, bila hata kugombana, yule bwana alimwambia wakiwa mezani: "Ukiondoka nitakutafuta. Taratibu tu. Mimi sina haraka."

Mvuke akaondoka. Alibadilisha namba, akakata nywele, akaacha jina lake kule na kuokota hili la Mvuke. Mama yake mzazi peke yake ndiye alijua pa kumpata, naye alikuwa anapiga kwa simu ya kuazima. Kila kitu alikibadilisha. Mikono tu ndiyo hakuikumbuka.

Miaka ikaenda vizuri. Mji ule Chupa Nyeusi haikuwa na watu wengi. Mara mojamoja, kwenye zile nguo za pasi tu, ambazo mteja kavaa kidogo na hataki zifuliwe, alikuwa anaweka pasi kwenye kola na ule moshi unampanda usoni pamoja na mvuke. Anashika meza.

"Tai! Hili la nani?"

"La yule mzee wa bima, tumbo linaingia dukani leo, mwenyewe anafika kesho."

Anapumua. Anaendelea.

Halafu Pacha ikaingia mjini.

Siku ya kwanza aliiingiza Tai. Aliingia asubuhi kajipulizia kama anayefukuza mbu, akafungua pazia kwa mbwembwe aulize mashati ya hoteli yako wapi. Pasi ikamponyoka Mvuke. Ikalala kifudifudi juu ya shati la watu, na moshi ukaanza kupanda, na yeye alikuwa ameshafika kwenye mlango wa bati, anahangaika na komeo.

"Dada! Dada, ni mimi!" Tai aliinyanyua pasi. "Kwani nimekuwa jini leo?"

Mama Dobi akaja anatweta. Akatazama shati lililoungua, akamtazama mwanamke aliyejibana ukutani, akamvuta Tai tai yake.

"Umemfanya nini?"

"Mama, nimepaka manukato, sijapaka kinyesi cha paka. Hii ni Pacha, mji mzima wanapaka. Harufu ya wakubwa, bei ya soda. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ila dada huyu hata unyasi hajauona bado." Alicheka peke yake. Hakuna aliyemfuata. "Samahani, dada. Kwani kuna nini?"

Hapo ndipo Mvuke alipowaambia. Si yote. Aliwaambia kwamba kuna mtu, na kwamba mtu huyo ananukia hivyo.

Mama Dobi alivuta kigoda akakaa. "Sasa mwanangu, utafanyaje? Nitamzuia huyu mpumbavu. Na wa mtaani nitawazuia kwa fimbo?"

Alisema kweli. Ndani ya muda mfupi hapakuwa na pa kukanyaga. Fundi simu, Pacha. Mwalimu wa hesabu wa binti, Pacha. Bwana harusi, baba wa bwana harusi, na mpiga picha. Mvuke alikuwa anashuka barabarani anavuka upande huu, anavuka ule, kama mtu anayekwepa mvua. Usingizi ulimpotea. Binti alizoea kushikwa mkono ghafla na kuvutwa dukani wasikonunua kitu. "Mama, kuna nini?" "Hamna. Nilitaka tuangalie bei ya sufuria." Mtu mmoja aliyemkimbia alikuwa sasa ana ngozi elfu, zote zinamcheka na kumsalimia.

Aliyempa dawa ni Tai, na lazima tumpe haki yake kabla hatujafika mbele. Alikuja na mashati yake mwenyewe mkononi.

"Dada, wewe si una pua? Basi itumie. Haya ni yangu, hili nimevaa saa moja, hili kutwa nzima. Na lile kule ni la mzee wa bima, Chupa Nyeusi ya kweli. Yapige pasi yote. Nyama ya mbuzi na ya ng'ombe zote nyekundu, lakini mpishi anajua."

Akapiga. Na hapa sasa ndipo ulinganisho mliokuwa mnanililia.

Zinapoanza, zinafanana. Ukipita karibu na mtu barabarani hutazitofautisha, hata mimi naweza kushindwa. Zote limau, zote pilipili manga. Ila limau la Chupa Nyeusi ni la ganda lililokwaruzwa na kisu. La Pacha ni la sabuni ya vyombo. Baada ya hapo zinaachana. Chupa Nyeusi inashuka chini, inatafuta moshi wake na ngozi yake, inakaa. Pacha haina pa kushukia. Inageuka sukari, kama kuna mtu kaacha sufuria ya sukari motoni akaenda kupokea simu. Kufika mchana imekufa. Na pasi ndiyo inayozifichua, kwa sababu moto unaita kile kilichojificha kwenye uzi. Weka pasi kwenye kola ya Chupa Nyeusi, hata iliyovaliwa juzi: moshi, mti, mkanda. Weka kwenye kola ya Pacha: sukari iliyoungua. Hakuna cha zaidi.

Mvuke alirudia mpaka Tai akaishiwa mashati. Akafumba macho, akamwambia Tai ampe bila kusema lipi ni lipi. Hakukosea hata mara moja.

"Pacha," alisema. "Pacha. Mzee wa bima. Pacha. Na hili Tai hujaoga."

Alicheka. Mama Dobi aliyekuwa uani alikuja kuchungulia nani anacheka.

Toka siku hiyo akawa mtu mwingine. Getini shuleni mzazi mwenzie anampita, moyo unataka kuruka, yeye anavuta pumzi: sabuni, sukari. Pacha. Habari za asubuhi, baba nanihii. Akawa anashika kaunta Tai akitoka. Akaanza kumtania: "Wewe na chupa yako ya kijivu, wewe ni pacha wa nani hasa?" Pua ilikuwa mlinzi wake, na mlinzi akiwa macho mwenye nyumba analala.

Halafu mama yake akapiga, kwa simu ya kuazima.

"Mwanangu, Mungu halali. Yule bwana ameishiwa."

"Ameishiwaje?"

"Kazini wamemtoa. Gari kauza. Dada yake nimemkuta sokoni, anasema kabaki na mashati yake tu, hata nyumba karudisha. Kahama."

"Kahamia wapi?"

"Kaenda kutafuta riziki, nani ajue. Shauri yake. Machozi yako hayakwenda bure."

Hapo ndipo angepaswa kuogopa. Mtu mwenye kazi na gari na nyumba amefungwa kamba mahali. Huyu sasa kamba zote zimekatika. Lakini yeye alisikia wepesi mgongoni, kama katua ndoo. Jioni ile akamnunulia binti utepe mwekundu wa nywele, mpana, wa kuringia. Na hakujiuliza mtu aliyezoea Chupa Nyeusi akiishiwa atapaka nini. Nyinyi mngejiuliza? Msinidanganye.

Shati lilikuja katikati ya wiki, jeupe, pasi tu. Alipolikung'uta kitu kikamdondokea kwenye kiatu. Njiti ya kiberiti, imevunjwa katikati, vipande bado vimeshikana kwa uzi wa ukuni.

Mkono ulisimama. Aliitazama ile njiti, akalitazama shati. Jeupe, kama mashati yote meupe. Akainama, akaweka kola mezani, akashusha pasi.

Mvuke ukapanda. Sabuni ya vyombo. Sukari iliyoungua.

Pacha.

Akausubiri ule moshi. Akairudisha pasi mara nyingine, akaibana mpaka kitambaa kikalalamika. Sukari. Akaanza kujicheka. Wanaume wangapi duniani wanavunja njiti? Akaipiga teke chini ya meza, akanyoosha kola kutoka kwenye ncha kwenda katikati, na nyuma, pale kwenye lebo, ukucha wake ukabana kijikunjo chake kama kawaida. Akakigonga na ncha ya pasi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Huo msemo tunausema kila siku, halafu tukiona nguo tunaipiga pasi.

Mwenye shati alikuja kulichukua Mvuke akiwa uani anaanika. Aliporudi alimkuta Tai ana uso wa sherehe.

"Dada, leo umesifiwa mpaka nimeona wivu. Kuna bwana kachukua shati lake jeupe, hakuondoka. Kaligeuza kola, kaiangalia, kapitisha kidole huku nyuma. Mimi roho mkononi, nikajua tayari, dada kaunguza. Kumbe anafurahi! Kauliza, nani kapiga hii? Nikamwambia, bwana, huyo ni Mvuke wetu, mama wa binti mmoja, mkono wa dhahabu, hutampata mji huu."

"Ananukia nini?"

"Eh?"

"Huyo mtu, Tai. Ananukia nini?"

Tai akacheka. "Pacha, dada. Pacha kama mimi. Tena kajimwagia mpaka pua imeniwasha."

Mvuke akatikisa kichwa, akachukua shati lingine. Hakuuliza sura. Hakuuliza sauti. Aliuliza harufu, akajibiwa, akatosheka. Na Tai naye, kwa vile haikumkaa akilini kuwa ni neno, hakumwambia kwamba alipomtania yule bwana mbona kaning'inia kaunta, bwana alijibu hana haraka.

Baada ya siku chache kulikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni ya kupeleka, marobota makubwa. Mama Dobi na Tai wakaenda nayo mchana. Mvuke akabaki peke yake, pasi mkononi, pazia wazi nusu ili aone kaunta.

Pacha iliingia kwanza. Aliisikia ikipita kwenye wingu lake, limau lile la sabuni, akaipima na kuiacha, kama mtu anayesikia mbwa wa jirani akibweka. Hakuinua hata kichwa.

"Karibu kaka, nakuja."

"Siku hizi mumeo unamwita kaka?"

Sauti ya chini. Ya taratibu.

Aliinua macho. Bwana amekonda, kola imelegea shingoni. Viatu vimeisha visigino lakini vimepigwa rangi. Alikuwa na mfuko mkubwa, akauweka kaunta, akaanza kutoa mashati yaliyokunjwa ndani ya nailoni, moja baada ya jingine, kila moja na kibandiko cha dobi tofauti.

"Unajua mji una madobi wangapi? Huu, na uliopita, na kabla ya huo. Nilikuwa naacha shati mojamoja. Wengine hawajui kupiga kola kabisa, mama nanihii. Aibu." Akatoa la mwisho, jeupe, akaligeuza. Kidole kikapita kwenye kijikunjo. "Hili nilipolishika nilikaa chini barabarani. Hiki ulinibunia mimi. Kumbe hapa ulikuwa unawapa watu kitu changu?"

"Unataka nini?"

"Mbona unakunja pua?" Alinusa mkono wake mwenyewe, akatabasamu. "Aa. Najua, siyo ile. Nimeishiwa, mke wangu. Lakini watu wanasema ni ileile tu."

Hapo kawanukuu nyinyi. Rudini juu mkaone nani kaandika hivyo kwenye maoni.

Mvuke aliiinua pasi kutoka mezani. Ilikuwa inatoa mvuke yenyewe tu, maji yanadondoka kutoka kwenye mpira.

"Weka chini," yule bwana alisema kwa upole. "Utaunguza kitu. Sikuja kwa ugomvi. Nilipita shuleni jana, nikasimama upande wa pili wa barabara. Kumbe amerefuka hivyo? Na ule utepe mwekundu unampendeza. Leo anatoka saa ngapi?"

Anasema hapo ndipo aliacha kujiogopea yeye.

Mlango wa mbele ukapigwa kikumbo. Mama Dobi, anamgombeza Tai kwa habari ya robota lililogusa tope. "...na tai yako hiyo inaburura chini kama ulimi wa..." Akamwona mgeni. Akaona mashati yaliyotandazwa. Akaona uso wa Mvuke, na pasi ilivyoshikwa.

"Karibu, baba," alisema. Halafu, bila kugeuza kichwa: "Mvuke, yale mashuka ya uani jua limeyakausha, yatakuwa bati. Kayaanue."

Uani hakukuwa na shuka hata moja. Yote yalikuwa yametoka kwenda nyumba ya wageni.

Mvuke aliweka pasi chini. Alipita kwenye mlango wa nyuma, akavuka kamba tupu, akafungua komeo la bati, na uchochoroni akavua kandambili akazishika mkononi.

Ndani, kama Tai alivyomsimulia Mvuke baadaye kwa simu, yule bwana alitaka kuzunguka kaunta. Mama Dobi alikuwa ameshaijaza njia, na mwili ule mnaujua.

"Shati lipo, baba? Risiti."

"Sina shati la kuchukua. Naongea na mke wangu."

"Hapa ni dobi. Anayeingia ana nguo. Tai, mtafutie baba shati lake, anza na bomba la kwanza. Angalia kila moja vizuri, tusije tukampa mtu la mwenzie."

Tai alianza kushusha nguo. Alikuwa ameshaelewa. Anasema kitu kimoja ndicho kilichomwelewesha: yule bwana alirudi nyuma, akaegemea ukuta, akatoa kiberiti, akasema yaleyale ya siku ya shati, "Sawa. Mimi sina haraka."

"Vizuri," akajibu Mama Dobi. "Na sisi hatuna."

Shuleni Mvuke alimtoa binti darasani katikati ya somo. Mwalimu wa hesabu alianza kusema kitu, harufu yake ikamfika, na yeye akamzunguka kwa mbali kama shimo. Nje ya geti alimfungua mtoto ule utepe, akautupa kwenye mtaro.

"Mama! Utepe wangu!"

"Nitakununulia mwingine."

"Mwekundu?"

"Si mwekundu. Twende."

Waliondoka mji ule na nguo za mwilini.

Mama Dobi alikwenda kituoni. Wakamuuliza kosa ni lipi, kupeleka shati kwa dobi? Akarudi, akafunga duka mapema, akawaita wafanyakazi wake wote mezani, pamoja na wafuaji wa uani ambao pasi hawajawahi kuishika. Akatandaza shati jeupe. Akawafundisha kijikunjo, kile ambacho Tai alikuwa amemwona yule bwana akikipapasa kwa kidole. Tai alikesha nacho usiku kucha vidole vikamuungua, hakulalamika. Siku hizi hapaki chochote, ananuka sabuni ya kipande. Halafu Mama Dobi akazunguka kwa madobi wenzie, hata wale wanaomwibia wateja, akaketi nao, akawaonyesha. Si wote walimsikiliza. Wengi walimsikiliza.

Yule bwana akarudi na shati. Akaligeuza kola siku ya kulichukua, akapitisha kidole.

"Nani kapiga?"

"Mimi," alisema Tai.

Akaenda kwa dobi wa barabara ya pili. Kijikunjo. Wa karibu na stendi. Kijikunjo. Tai alimwona jioni moja amesimama barabarani na mashati mkononi, anayanusa. Kesho yake hakuonekana. Hakuna anayejua kaelekea wapi. Miji ni mingi, na madobi ni wengi, na mashati anayo.

Mvuke hapigi pasi tena. Pua yake bado inafanya kazi lakini hashauriani nayo. Juzi, alinambia, Pacha ilimpita ngazini, sabuni na sukari, na mtu mwenyewe alikuwa anaimba, na yeye aligeuka akarudi barabarani na kumsubiri binti huko huko mvuani.

Nilimuuliza kama niandike kuhusu kijikunjo. Nilidhani atakataa. Akasema, "Yeye anakijua tayari. Waambie wasiokijua."

Kwa hiyo achaneni na swali la ipi kali. Nina ombi moja, na wewe unayesoma ukiwa umelala nakuomba uinuke. Chukua shati lolote. Piga kola upande wa chini, kutoka kwenye ncha kwenda katikati. Nyuma kabisa, kwenye lebo, bana kwa ukucha, kidogo tu, gonga na ncha ya pasi. Mfundishe na dobi wako. Na akitokea mtu mwenye sauti ya chini, akaligeuza shati lako, akauliza nani kapiga hili, mwambie ni wewe.